Hina ya upande wa kushoto

Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaolewa Ijumaa. Jumatano usiku nyumba ya kaka pale Kikwajuni, Unguja, ilijaa wanawake waliokaa mkekani wamenyoosha mikono, hina mbichi inanukia mpaka barazani. Mimi, shangazi mtu, nilikuwa nimejificha jikoni najifanya nachambua mchele.

Sikuwa nimepaka hina tangu nianze matibabu ya saratani. Ile dripu nyekundu iliondoka na nywele zangu, ikaniachia kucha nyeusi kama za fundi gereji. Na upande wa kushoto wa kifua titi halikuwepo tena, pana mshono unaokwenda mpaka kwapani. Nikitoka, hujaza sidiria kwa kipande cha kanga. Lakini kanga ni nyepesi, ukiinua mkono inapanda juu, kwa hiyo niliishonea kifuko cha mtama ipate uzito. Siku moja kifuko kikatoboka kwenye boti ya Dar, nikashuka bandarini namwaga nafaka kama mchuuzi aliyechaniwa gunia.

Wifi akanifuata jikoni. "Wifi, mpambaji anakuulizia."

"Mwambie mikono yangu haifai."

"Basi akupake pengine."

Alikusudia miguu. Mimi nikajikuta nimeshika kifua. "Hapa?"

Hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka chumbani, akamwita yule bibi, akafunga mlango.

Bibi alitazama mshono bila haraka, akauliza mionzi nilimaliza lini. Nikamwambia umepita mwaka. "Piko sikupaki," akasema, "lile lenye dawa ya nywele linaunguza hata ngozi nzima." Akachukua bakuli la hina tupu, majani na ndimu.

Hakuwa wa kwanza kunichora pale. Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, mtaalamu wa mionzi alinipiga mistari na misalaba ya wino ili mashine ipige mahali palepale kila siku: vipindi 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano. Akanikataza kuifuta. Kwa joto lile la Dar, nilioga kwa kuibia, maji yasifike kifuani. Wino ukififia, anarudia. Zilikuwa alama za kazi, kama chaki ya fundi cherehani kwenye kitambaa, nami nilivaa na kuvua bila kuzitazama.

Nilimwomba bibi aufunike mshono. Akakataa. Kovu halishiki rangi sawasawa na ngozi, akasema, nikilijazia ndipo litakapoonekana. Akaufanya bua. Akatoa majani huku na huku, na mwishoni vikorosho vitatu. Juu ya mshono sikuhisi kitu, pana ganzi tangu operesheni, ilibidi niinamishe kichwa nione kijiti kimefika wapi. Kilipokaribia kwapa, ubaridi ukaniruka ghafla nikapiga kelele. Wifi akadhani naumia. Nilikuwa nacheka.

Nililala saa nzima chini ya feni kifua wazi, wifi ameegemea mlango anakula visheti, kila anayegonga anafukuzwa.

Kifuani hina haikolei kama kiganjani. Ilitoka rangi ya papai. Ijumaa nilivaa gauni langu na mtama wangu, nikapiga picha na maharusi kama kawaida. Jumamosi nikamwonyesha mume wangu. Alitazama kitambo, akasogea karibu, akatazama tena. Kisha akauliza bei.

Wiki ile nilioga tena kama zamani zile za Dar, dodoki linazunguka kwa mbali, upande wa kushoto nausuza kwa kiganja tu. Hakuna aliyenikataza safari hii. Siku ya nane kilikuwa kimebaki kikorosho kimoja, karibu na kwapa, pale ninapohisi.