Mlio wa alfajiri: jinsi tulivyoziba uvujaji wa menifoldi ya eksozi kwenye Hilux

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, ile ya petroli yenye silinda 4 na ujazo wa sisi 2,366, na kazi yake kubwa ni kubeba viazi mviringo kutoka mashambani hadi mjini Njombe. Mwezi Juni mwaka jana, baridi ya huku kwetu ilipokolea, injini ilianza kutoa mlio kila nilipoiwasha alfajiri: tik, tik, tik, mlio mkavu wa haraka uliokwenda sambamba na mzunguko wa injini na kuongezeka kila nilipokanyaga mafuta. Baada ya kama dakika kumi ulififia, na nilipoingia barabara ya lami haukusikika tena. Niliambiwa kwamba vali zinadai kurekebishwa, nikazirekebisha kwa kipimo, na kesho yake alfajiri mlio ulikuwa pale pale.

Kilichonifanya nisilipuuze jambo hili ni kichwa. Huku Njombe tunaendesha vioo vikiwa vimefungwa na hita ikiwa imewashwa, na kwa siku tatu mfululizo mke wangu alishuka garini akilalamika kwamba kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Menifoldi, yaani kile kipande kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba la eksozi, ikivuja chini ya boneti, moshi wake huvutwa na tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele na kuingia moja kwa moja mahali mnapokaa. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo mwenye gari asingoje kunusa moshi ndipo aamini. Tangu siku hiyo tulizima hita na kushusha vioo hadi kazi ilipokamilika, tukavumilia baridi.

Fundi tuliyemwendea ni mzee mmoja anayefanya kazi nyuma ya nyumba yake. Aliniagiza nimwachie gari lilale kwake, kwa sababu uvujaji wa namna hii husikika vizuri injini ikiwa baridi kabisa. Asubuhi alichukua mpira mwembamba wa maji wenye urefu wa kama mita moja, akaweka ncha moja sikioni, na ncha nyingine akaipitisha taratibu kandokando ya menifoldi wakati mimi nikiwasha. Alipofika silinda ya 4, ile ya nyuma kabisa, alinipa mpira nisikilize mwenyewe, na mlio uliokuwa tik ukawa kama mtu anayetema mate sikioni mwangu. Tulizima, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, kisha akapuliza upepo kidogo wa kompresa kupitia mkia wa eksozi uliozibwa kwa kitambaa. Povu likatoka pale pale, na chini yake tukaona alama nyeusi ya masizi iliyotambaa kama wino uliomwagika.

“Mwalimu, usiniambie nikaze nati,” alisema kabla sijafungua mdomo. “Hii imeshakazwa na mtu.”

Kweli ilikuwa imekazwa. Miezi minane nyuma gereji moja iliniambia imebadilisha gasketi, ule utando unaoziba maungio ya menifoldi na injini, kumbe ilipaka silikoni nyekundu juu ya gasketi ile ile ya zamani na kukaza kwa nguvu zote. Silikoni ile haistahimili joto la mahali pale, na tulipofungua tuliikuta imekuwa unga.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, na ningependa kila mwenye pikapu ya namna hii apaelewe. Hedi ya 22R, yaani kifuniko cha juu cha injini ambacho menifoldi hufungwa kwake, ni ya alumini na hupozwa na maji, ilhali menifoldi ni ya chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kasti, na haina cha kuipoza ila upepo. Kwa joto lililo sawa, alumini hutanuka takribani mara mbili ya kasti, lakini joto lao haliko sawa hata kidogo. Kipande cha kasti chenye urefu wa milimita 450 kikipanda nyuzi 500 hurefuka takribani milimita mbili na nusu, na alumini ya urefu huo huo ikipanda nyuzi 80 hairefuki hata milimita moja. Maana yake ni kwamba kila unapowasha na kuzima, menifoldi husugua uso wa hedi ikienda na kurudi, na mwendo mkubwa zaidi uko kwenye ncha zake mbili. Ndiyo sababu matundu ya menifoldi hutobolewa makubwa kuliko stadi, zile bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye hedi, ili ipate nafasi ya kuteleza. Ukikaza kupita kiasi unainyima nafasi hiyo, nayo hupinda, hupasuka, au hukata stadi ya mwisho. Mlio nao hupotea injini ikipata moto kwa sababu chuma kikitanuka hufunga mwanya kwa muda.

Tulianza kulowesha nati siku tatu kabla, asubuhi na jioni, kwa mafuta ya kulainisha kutu. Siku ya kufungua, fundi alizipasha moja moja kwa moto wa gesi, akatumia soketi yenye pembe sita ili isile kona za nati, na kila ilipogoma aliirudisha nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Zote zilitoka isipokuwa moja: ile ya silinda ya 4 ilitoka ikiwa na nusu ya stadi, na nusu nyingine ikabaki ndani ya hedi, imekatika sawasawa na uso wake.

Nilidhani atachukua dirili. Alikataa, akaeleza kwamba chuma cha stadi ni kigumu na alumini ni laini, kwa hiyo dirili ikiteleza kidogo tu itakula hedi na kuacha stadi. Badala yake aliondoa betri, akalitoa tangi dogo la petroli aliloliweka karibu, akafunika kabureta kwa turubai lililoloweshwa maji, kisha akaweka washa, kipete bapa cha chuma, juu ya kisiki cha stadi kilichobaki na kuichomelea kupitia tundu lake la katikati. Juu ya washa akachomelea nati. Ulehemu wa chuma haushiki kwenye alumini, hivyo hedi haikudhurika, na joto lile lililegeza kutu iliyokuwa imeshika nyuzi za stadi. Aliacha ipoe mpaka wekundu ulipotoweka, akaweka spana, akaizungusha robo mbele, robo nyuma. Jaribio la kwanza washa ilibanduka. La pili kisiki kilitoka chote, kikiwa na rangi ya kahawia kama jino bovu.

Kisha aliegemeza rula ya chuma kwenye uso wa menifoldi na kupitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake. Katikati haikupita hata ile nyembamba, lakini upande wa silinda ya 4 ilipita ya nusu milimita. Hakuna gasketi itakayoziba mwanya huo kwa muda mrefu, hata uinunue ghali namna gani. Tuliipeleka kwa wachongaji, wakaisawazisha, na walipomaliza tukaikagua kwa mwanga mkali kama ina ufa. Ingekuwa na ufa, nisingekubali ichomelewe kwa fito za kawaida, maana kasti huhitaji fito za nikeli, kupashwa moto kwanza na kupozwa polepole ndani ya majivu au mchanga, na wanaofanya hivyo ipasavyo ni wachache.

Kufunga hakukuchukua muda. Tulisafisha uso wa hedi kwa kikwaruzio cha mbao na kitambaa, si kwa grenda, tukaweka stadi mpya zote, gasketi mpya iliyo kavu bila gundi yoyote, na grisi ya shaba kwenye nyuzi za stadi. Nati zilikazwa kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, kwa awamu tatu, kwa spana ya kupima nguvu. Baada ya safari ya kwanza nililiacha gari likapoa usiku kucha, asubuhi nikazipitia nati tena. Mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Baada ya safari ya tano hakuna iliyosogea, na kitambaa cheupe nilichopitisha kandokando ya gasketi ya silinda ya 4 kilitoka bila masizi.