Nilivyoipanga Wiki ya Mheshimiwa

Nilipoacha chaki na kukabidhiwa ukatibu wa mbunge katika jimbo moja la vijijini mkoani Tabora, aliyenitangulia kazini alinipa ushauri mmoja tu: "Mwalimu, ukitaka kudumu, mfiche Mheshimiwa. Akiwa hapa, sema yuko Dodoma. Akiwa Dodoma, sema yuko kwenye kamati." Niliufuata ushauri huo kwa wiki mbili, hadi asubuhi niliyomweleza bibi mmoja, aliyeanza kutembea tangu alfajiri, kwamba Mheshimiwa amesafiri, na papo hapo Mheshimiwa mwenyewe akatokea uani akijikausha mikono na kusema, "Shikamoo, mama." Bibi aliitikia, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

Tatizo lenyewe lilikuwa la hesabu. Bunge likiwa na mkutano, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mbunge yumo ukumbini: saa tatu asubuhi maswali, kisha miswada, au makadirio ya wizara ikiwa ni kipindi cha bajeti kinachoanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Ijumaa akitoka, anashika barabara ya Manyoni na Itigi, anaingia kwetu usiku, na Jumapili mchana anageuza. Jimbo zima, kwa hiyo, lilikuwa na Jumamosi moja na kipande cha Jumapili, ambacho nusu yake ilikwenda kwenye misiba.

Nikajiona mwerevu. Nilikata kadi za manila, nikaziandika namba 1 hadi 40, nikazigonga mhuri, na Jumamosi saa moja asubuhi nikazigawa mlangoni kwa utulivu mkubwa. Kufikia saa tatu kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na kadi sita mkononi, akiziuza kwa shilingi elfu mbili, na zile za mwanzo kwa elfu tano au zaidi. Kadi namba 7 ziliingia mbili, na ile ya bandia ilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, mimi niliyefundisha wengine kuandika. Mzee mmoja aliibadilisha kadi yake kwa jogoo, kisha akadai kuingia bila kadi kwa sababu jogoo ni zawadi ya Mheshimiwa; jogoo akamponyoka, akapanda juu ya meza na kuyachafua majalada ambayo nilikuwa nimeyapanga kwa herufi. Saa nane Mheshimiwa alikuwa amesikiliza watu kumi na mmoja. Mpaka leo wapo wanaonisalimu sokoni, "Mwangaluka," yaani habari za asubuhi, "Katibu wa Kadi."

Usiku ule nililipitia daftari na kugundua kwamba karibu shida zote hazikuwa za Bunge. Kisima kilichoharibika ni cha RUWASA, wakala wa maji vijijini, barabara ya kijijini ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na malipo ya tumbaku yaliyochelewa yanaanzia kwenye chama cha msingi cha ushirika. Wengine walitaka fedha ya matanga kutoka Mfuko wa Jimbo, wakidhani ni mfuko wa suruali ya mbunge, ilhali ni fedha ya miradi ya wananchi inayopitishwa na kamati. Nikauhamishia mkutano wa Jumamosi kwenye gulio, nikapanga meza za wataalamu kwanza na ya Mheshimiwa mwisho, ili atakayemfikia awe amekwama kwingine kote. Barua za kuwaalika wataalamu zipelekwe kwa Mkurugenzi wa Halmashauri Jumatatu. Mhandisi anayepigiwa simu Ijumaa huwa na homa.

Lakini ninalojivunia ni kivuko cha barabara. Mto mmoja ulizitenganisha kata mbili kila masika, na swali letu la kwanza bungeni liliuliza ni lini Serikali itajenga. Tulilisikiliza jibu redioni na wazee: kitajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Wazee walizima redio. Wapo walionishauri kwamba Mheshimiwa asubiri bajeti akashike shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani akatae kuipitisha bajeti ya wizara hadi apewe maelezo, jambo ambalo hushangiliwa sana jimboni, lakini nimeona shilingi nyingi zikishikwa na kurudishwa siku hiyohiyo.

Nikaandika swali upya, safari hii nikiuliza tathmini imeonyesha gharama kiasi gani na imeingizwa katika mpango wa mwaka upi, kwa kuwa hapo neno "kadiri" halitoshi kuwa jibu. Kisha nikayatumia maswali mawili ya nyongeza ambayo muulizaji huruhusiwa. Nilikuwa nimenong'onezwa na dereva mmoja kwamba Naibu Waziri angekuja Tabora kwa shughuli nyingine mara baada ya mkutano wa Februari. Basi nyongeza ya pili ikawa: je, yuko tayari kuambatana na Mheshimiwa hadi mtoni katika ziara hiyohiyo? Mbele ya ukumbi mzima, angesema nini? Alisema yuko tayari.

Alikuja mto ukiwa umejaa. Aliwaona wanafunzi wakivuka na madaftari vichwani, na gari moja la msafara likazama matopeni hadi milangoni. Vijana wa pale walilivuta kwa malipo, sikumbuki ni elfu ngapi, ila najua hawakukubali kupunguza hata mia. Mimi sikuwapanga, ingawa nikisema hivyo watu hucheka. Bajeti ya Juni ilikuwa na fedha yetu, na kiangazi kalavati likajengwa.

Masika yaliyofuata vijana walewale walikuja kwenye gulio kumlalamikia Mheshimiwa kwamba amewanyang'anya kazi. Niliwapeleka kwanza kwenye meza ya afisa maendeleo ya jamii, yule wa mikopo ya vijana.