Kreti ya mwezi wa saba inalipuka

Tarehe 4, mwezi wa kumi

Chupa ya kwanza imepasuka saa tisa alasiri, joto likiwa limepamba moto. Mtoto wangu wa pili alikuja mbio: "Papa, kitu kimelipuka depo!" Nilikuta vigae vya kahawia hadi nyuma ya gunia la makala, na ukuta umelowa mpaka usawa wa kiuno. Nikajiambia chupa ilikuwa na ufa tangu zamani. Usiku ikapasuka ya pili.

Zilikuwa chupa 26 za sentilita 72, bia ya kimea niliyoifungia vizibo mwezi wa saba. Watoto nimewakataza kukanyaga depo.

Tarehe 5

Nimefungua moja uani, mkono wenye glavu ya ngozi na taulo juu. Kizibo hakijanyanyuka sawasawa, povu limekwisha kupanda, nyeupe na zito, linasukuma mpaka na machicha ya chini yote yakatoka. Ndani ilibaki robo.

Nilimshuku kwanza sukari, ile niliyoongeza wakati wa kujaza chupa ili bia ipate gesi. Daftari linasema gramu 130 kwa lita 19, karibu gramu 7 kwa lita, na mizani haina kosa (nimeipima kwa pakiti ya chumvi). Kisha uchafu. Lakini bia si kali kama siki, shingoni hakuna utando, na chupa tatu nyingine nilizofungua zimefoka vilevile. Uchafu hauna usawa kiasi hicho, ungeharibu mbili, ukaacha tano.

Ikabaki densimetri, kipimo kinachoelea ndani ya bia: sukari ikiliwa na chachu, namba yake hushuka. Nimeihamisha bia kikombe hadi kikombe mara nyingi kuondoa gesi, maana mapovu hushika densimetri na kuiinua, ukasoma uongo. 1.009. Siku ya kujaza chupa nilikuwa nimeandika 1.014, na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "imetulia, tayari."

Imetulia! Usiku wa mwezi wa saba hapa Lubumbashi tunalala na blanketi mbili, na ndoo ya kuchachushia bia ilikaa juu ya simenti. Chachu ilishikwa na baridi ikalala kazi haijaisha. Mimi nikaangalia mrija wa kutolea gesi ya ndoo umeacha kutoa mapovu siku mbili, nikafurahi. Sasa jakaranda zimechanua, depo ni tanuri, na chachu imeamka ndani ya chupa iliyofungwa.

Hesabu yake: kila pointi moja ya densimetri (0.001) inayoshuka huzaa karibu gramu moja ya gesi kwa lita. Pointi tano, gramu tano. Sukari yangu, tatu na nusu. Iliyokuwemo tayari, kama moja na nusu. Jumla kumi, na bia ya kawaida ina kama tano.

Tarehe 6

Fundi wa kuchomelea wa jirani amenikopesha kinyago chake, akacheka mpaka akakaa chini. Nimezibeba chupa 20 zilizobaki mojamoja, kila moja ndani ya gunia lililoloweshwa. Frigo inaingiza kumi, na umeme ulikatika saa nne, kwa hiyo nyingine zimekaa kwenye beseni la barafu ya wauza samaki. Zinanuka kidogo. Nje tu.

Baridi inaifanya gesi ikae ndani ya bia badala ya kukimbilia juu na povu. Asubuhi nikaanza: nainua ukingo wa kizibo kidogo kwa kifungulio, "shiii", povu likifika shingoni naubana tena. Nangoja saa moja, narudia. Mara ya nne povu likapanda taratibu. Nikaweka vizibo vipya. Moja ilinitoroka, ikanyeshea kinyago chote.

Tarehe 9

Bado zina gesi kuliko ninavyopenda, lakini zinamiminika. Povu vidole vitatu. Mama mkubwa alionja, akauliza kwa nini najisumbua. Munkoyo wake, kinywaji cha mahindi kilichochachuka, hunywewa siku mbili tatu, haufungwi kizibo, na haujawahi kumlipukia mtu. Sikuwa na jibu, nikamwongezea glasi.

Tarehe 13

Ndoo mpya nimeipandisha juu ya mbao, mbali na simenti. Mrija umenyamaza tangu Jumamosi. Jumapili 1.012. Leo 1.011. Vizibo vimebaki ndani ya mfuko wao.