Kijijini Guatemala: mahindi ya chokaa, pila na jiko la bomba

Aliyekulia Njombe, Kitale au Kisii akifika kijiji cha milimani Guatemala atajiona yuko kwao. Mahindi shambani, maharage yamepanda juu ya mabua, maboga yametambaa chini, kuku uani, kuni mgongoni. Vitu ni vilevile, ila taratibu ni nyingine kabisa, na wengi wanaokuja kujitolea hukwamia jikoni kabla hawajaufikia mradi uliowaleta.

Tuanze na mahindi, maana siku yenyewe huanzia hapo. Huku hakuna sembe wala dona. Punje kavu huchemshwa na chokaa, hulala kwenye maji yake, kisha husagwa zikiwa bado na unyevu kupata donge la tortilla, mkate bapa wa mahindi wa huku. Kwa kilo moja ya mahindi weka maji lita mbili na nusu hadi tatu na chokaa gramu 10 hivi, yaani kijiko cha chakula kilichojaa. Tumia chokaa ya kupikia inayouzwa sokoni, usichote ile iliyobaki kwenye kupaka kuta. Ikoroge kwenye maji kwanza, mimina mahindi, chemsha kwa moto wa wastani dakika 40 hadi saa nzima. Kujua kama yako tayari, toa punje moja uisugue kwa vidole viwili. Ganda likitoka bila kulazimishwa na moyo wa punje bado una ugumu kidogo, epua, funika, yaache hadi asubuhi. Alfajiri yaoshwe mara mbili au tatu. Maji ya kwanza ni ya njano na yanateleza.

Chokaa ikizidi, donge huwa njano iliyokolea na uchungu wake hubaki kooni. Ikipungua, maganda hayatoki na tortilla hupasuka ukingoni. Yakichemka kupita kiasi, donge hunata viganjani na halipigiki. Usijaribu kukanda unga wa mahindi wa kawaida kwa maji ukitumaini tortilla: haujapita kwenye chokaa, kwa hiyo haushikani. Umeme ukikatika na mashine ya kusaga ikasimama, kuna Maseca, unga wa pakiti, dukani. Huo tayari umepitia chokaa, ingawa akina mama watakuambia wazi kwamba ladha yake si hiyo.

Chokaa hii si ya kulainisha ganda tu. Inaongeza kalsiamu, na inaifungua niasini, aina ya vitamini, iliyofungika ndani ya punje ili mwili uweze kuitumia. Wazungu waliyachukua mahindi huku wakaiacha njia ya kuyapika, na yalipofika mahali ambapo maskini walikula mahindi karibu matupu, pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ikawaandama: Italia ya kaskazini, baadaye kusini mwa Marekani. Kwetu pia mahindi yalifika bila chokaa yake.

Kazi unayoweza kusaidia mara moja ni kubeba ndoo kwenda mashine, ambako foleni huanza kabla jua halijatoka. Mwanamume akijipanga humo atachekwa, lakini hafukuzwi. Kupiga tortilla kwa viganja ni kazi ya mazoezi ya muda mrefu, msishindane na mabinti wa miaka kumi. Kikaango cha udongo, comal, hupakwa kwanza maji ya chokaa ili tortilla isigande. Upande wa kwanza hukaa muda mfupi, geuza pale ukingo unapoanza kukauka, upande wa pili uache hadi uive, kisha geuza tena: ikivimba, donge lilikuwa sawa. Ukiwakuta watu wanakula, useme "buen provecho", yaani mle vizuri, hata kama unapita njia. Asiyesema hudhaniwa hana adabu.

Maji. Karibu kila nyumba ina pila, karo la zege lenye tangi katikati na sehemu za kufulia na kuoshea vyombo pembeni. Tangi la katikati ni la maji safi tu. Usitie mkono, usitie sufuria, usiruhusu hata povu lidondokee humo. Unachota kwa bakuli la plastiki na kumwagia pembeni. Mabomba mengi hutoa maji saa chache kwa siku, au siku fulani tu, kwa hiyo ukichafua tangi, familia nzima imekosa maji hadi zamu ijayo. Ya kunywa yachemshwe. Kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kama vijiji vinavyozunguka Quetzaltenango, maji huchemka kwenye nyuzi 92 au 93 hivi, kwa hiyo yaache yatokote dakika tatu kamili. Maharage meusi nayo huchukua muda mrefu kuliko ulivyozoea, yaloweke usiku.

Miradi mingi ya kujitolea huku ni ya majiko ya plancha: bamba la chuma juu ya matofali, lenye bomba la kutoa moshi. Kimo cha jiko kipimwe kwa kiuno cha mama atakayepika. Wanawake wengi wa milimani hawafiki sentimita 150, na jiko lililojengwa kwa kimo cha fundi huwachosha mabega hadi waliache. Msingi ni wa bloku, ndani umejazwa mawe na udongo. Chumba cha moto kijengwe kwa tofali za kuchoma na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, kwa sababu saruji hupasuka kwa joto. Kiwe kidogo: kikiwa kipana, mtu hujaza kuni na faida yote inapotea. Bamba lisibanwe kwa saruji ukingoni. Chuma hutanuka, na kikikosa nafasi kinasukuma tofali nje. Bomba la inchi nne lipite juu ya kilele cha paa, livikwe kofia, na lisiguse boriti wala nailoni. Wiki ya kwanza uwashwe moto mdogo tu, hadi udongo ukauke.

Baada ya hapo tatizo kubwa ni masizi. Watu huwashia ocote, vijiti vya msonobari vyenye utomvu mwingi, na bomba huziba upesi. Ligongwe na kusafishwa kila mwezi. Lisiposafishwa moshi hurudi ndani, na mwenye nyumba hurudi kwenye mafiga matatu, na sidhani kama anastahili lawama. Sababu nyingine ya kurudi huko ni sufuria kubwa ya mahindi au tamales (donge la mahindi lililofungwa kwa majani na kupikwa) isiyoenea kwenye tundu la bamba. Ulizia ukubwa wa sufuria hiyo kabla hujakata chuma. Yote haya yana maana: utafiti wa RESPIRE uliofanyika San Marcos kwenye kaya 534 ulionyesha kwamba majiko ya bomba yalipunguza karibu nusu ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ya moshi, wanayovuta watoto, na nimonia kali ikapungua pia.

Hatari hiyohiyo ya kaboni monoksaidi iko kwenye temascal, kijumba kifupi cha kuogea kwa mvuke ambacho Wamam, mojawapo ya jamii za Wamaya, hukiita chuj. Kabla ya kuingia na kufunga, hakikisha kuni zimekwisha kuungua na moshi umetoka wote. Kichwa kikianza kugonga, toka nje mara moja.

Usianze kazi yoyote kabla ya kujitambulisha kwa COCODE, kamati ya maendeleo ya kijiji. Ndiyo mwenyekiti wetu na serikali yake ya kijiji. Kihispania ni lugha ya pili kwa wengi kama ilivyo kwako, na bibi wa nyumbani huenda asikijue kabisa. Jifunze salamu za lugha ya Kimaya ya hapo. Asante kwa Kik'iche' ni "maltyox", kwa Kimam "chjonte".

Picha za watoto acha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 36 viliisha kwa mkataba wa 1996, na hofu ya mgeni anayeiba watoto ipo hadi leo: mwaka 2000, Todos Santos Cuchumatán, uvumi wa namna hiyo uliwafanya wanakijiji wamuue mtalii wa Kijapani na dereva wa basi. Usimbebe mtoto wa mtu bila mama yake kuwepo.

Kuhusu karatasi: mtokaji wa Kenya au Uganda aje na cheti cha homa ya manjano. Siku 90 unazogongewa kwenye pasipoti zinahesabiwa kwa pamoja Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua, kwa hiyo kuvuka kwenda Honduras hakuanzishi hesabu upya. Kwenda Meksiko kunahitaji viza kwa pasipoti zetu, isipokuwa una viza halali ya Marekani.