Kigingi kabla miguu haijatetemeka

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii naanza na toba: nimelala saa nane usiku mara nne, na haukuwa mkesha. Mpwa wangu alikuja likizo hapa Kasese na kompyuta yenye mchezo wa kupanda mlima. Jirani yangu anayepeleka wageni Rwenzori alinicheka: "Kilele cha Margherita kiko hapo nje, mita 5,109, na wewe mzee mzima unapanda kioo!"

Mchezo wenyewe hauna mzaha. Unasogeza mkono, kisha mguu, ukitafuta ufa wa jiwe. Mguu ukikaa vibaya unatetemeka, pumzi inapanda, unaanguka. Unavyo vigingi vichache vya chuma vya kugongomea mwambani. Ukifunga kamba hapo, ukiteleza utaning'inia tu. Mimi nilivibania. Nikiwa imara nasema bado. Nikianza kutetemeka, mikono yote imeng'ang'ania jiwe, sina wa kugongea.

(Najua mnangoja Zaburi 121, ile ya kuinua macho milimani. Leo siendi huko.)

Alhamisi usiku mama akapiga simu kutoka kijijini: baba kazidiwa. Nikapiga magoti, kompyuta ingali inawaka, nikakosa neno. Wiki tatu sikuwa nimeomba ila kabla ya chakula. Kilichonitoka ni kile cha Petro majini, "Bwana, niokoe." Petro alishikwa mkono, nami nilishikwa, sikatai. Lakini mtazameni Daudi mbele ya Goliathi: simba na dubu aliowaua alikwisha kuwa nao moyoni, vigingi alivyovigonga malishoni bila shahidi. Samweli naye alisimamisha jiwe la Eben-ezeri siku ya ushindi, Wafilisti wakiwa wamekwisha kukimbia.

Sisi walokole tunapenda mno maombi ya dharura! Mtoto akirudishwa kwa ajili ya ada, tunafunga siku tatu. Ada ikipatikana, asante tunaitolea juu ya boda. Mama, wewe ambaye mahindi yamekubali msimu huu, gonga sasa. Kijana uliyepata kazi Kampala, usiseme bado. Mkono ungali na nguvu, gonga! Andika tarehe nyuma ya Biblia, mwite mwenzio chumbani, litajeni kwa jina lile alilotenda Mungu.

Yangu nimeandika ya Jumamosi: baba amekunywa uji, nusu kikombe. Tuendelee kumwombea. Mpwa amerudi shule, na kompyuta yake.