Siku tulipozamisha roboti Kisumu kutafuta kome

Kilichochelewesha kazi asubuhi ile Kisumu si mvua wala mafuta ya boti, ni mimi. Roboti ya kuzamia ilikuwa imetoka Marekani, imeshafanya kazi kwenye maziwa yenye kome wavamizi, viumbe wadogo wa majini wenye magamba mawili, wale wa milia wanaoitwa zebra na wenzao kwaga, nikasema haigusi maji ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, kabla sijaimwagia maji moto. Watu wakanuna, jua linapanda, boti ni ya kukodi na inalipiwa kwa saa, lakini sikulegeza.

Unajua kome mkubwa unamuona kwa macho, unambandua unamtupa, ila mtoto wake huwezi kumuona, anaelea tu, na maji kidogo yaliyobaki kwenye kebo iliyokunjwa ikiwa bichi yanamtosha. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi milioni kwa mwaka. Asili yao ni huko pande za Bahari Nyeusi na Kaspi, wakasafiri kwenye maji ya balasti, yale meli inayobeba tumboni ili itulie, miaka ya 80 wakafika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, mwaka 2007 kwaga wakapatikana Lake Mead, ziwa la bwawa mbali kabisa magharibi mwa Marekani, na wakishaingia wanaziba mabomba ya maji na machujio ya mabwawa. Sasa mashine ya kuwatafuta ndo iwalete? Tulimwaga maji ya nyuzi 60 kila mahali, propela, makucha, kebo yote kipande kwa kipande, halafu nikaifuta mpaka ikakauka. Mimi nimekulia Kisumu, nilikuwa mtoto wakati gugu maji lilifunika bandari miaka ya 90 hadi boti zinashindwa kutoka, watu wa samaki wanarudi nyumbani mikono mitupu, na lile gugu nalo lilitoka Amerika Kusini. Siwezi kukaa kimya tukikaribisha balaa lingine.

Ikazama karibu saa sita. Maji ya ghuba yetu ni ya tope, ukiwasha taa zote unaona weupe tu kwa sababu chembe zinarudisha mwanga, kwa hivo nikazipunguza nikasogeza kamera karibu kabisa na nguzo ya gati kama mtu anayesoma bila miwani, polepole, kutoka juu kushuka, na huko chini nakwepa sakafu maana propela ikitibua matope basi unangoja. Mizizi ya gugu nayo inadaka kebo, jamaa mmoja kazi yake siku nzima ilikuwa kuisukuma kando kwa upondo.

Mzee mmoja wa ufuo alikuwa amekuja kuangalia. Nikamuuliza kama watu huwa wanapiga mbizi pale. "Nyathina," yaani mwanangu, "hapo kuna kiboko," akasema, "hiyo mashine yako iende peke yake."

Kwenye nguzo moja ya upande wa kina tukaona rundo la makombe meusi meusi yamebanana. Moyo ulinipiga. Ziwa hili lina chaza wa Nile ambaye hujigandisha kwa ganda lake lenyewe, lakini kome wavamizi wanajifunga kwa nyuzi ngumu, ukiwasukuma hawaachii kirahisi, na hapo ndo unawajua. Nikatoa makucha nikagusa moja taratibu. Likateleza. Likaacha ute juu ya chuma, na kwenye skrini tukaona mguu mweupe ukijikunja ndani na kifuniko kikafunga mlango nyuma yake. Nikagusa lingine, hivo hivo, na lingine.

"Hao ni konokono wetu," mzee akasema, ameinama mpaka kofia inaziba skrini, "korongo wanawala hapa kila siku."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Bado tukapita nguzo zote, kila moja na namba yake na kina chake kwenye video, kwa sababu usipojua ziwa lako leo lina nini, mgeni akiingia utamtambuaje? Mzee hakuondoka. Tulipofika nguzo ya mwisho, ile anayofungia mtumbwi, akaona chuma kimeliwa na kutu huko chini mpaka kimekuwa chembamba, juu ya maji hakuna anayejua. Akaniambia nisizime, akaenda kuwaita wenzake waje waone kabla hawajafunga tena boti pale.