Fisi kwenye katiba ya ukoo

Mimi ni katibu wa ukoo wetu. Cheo hicho nilikipata kwenye arobaini ya babu, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuja na laptopu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika katiba ya mfuko wa misiba na ada za shule, na wenye neno la kusema wako Tanga, Dar es Salaam, Mwanza na Maskati.

Tulianzia WhatsApp. Natuma faili la Word, baba mdogo analirekebisha na kulirudisha, kumbe kaka wa Mwanza anarekebisha lile la juzi. Nikajikuta na "katiba mpya", "katiba mpya 2", "katiba ya mwisho" na "katiba ya mwisho kabisa". Kwenye moja mchango ni 10,000 kwa mwezi, kwenye nyingine 5,000.

Nikahamia Google Docs. Huko waraka ni mmoja, unakaa kwenye intaneti, na anachokiandika mtu wa Maskati unakiona Tanga herufi kwa herufi. Jumapili ya kwanza tuliingia saba kwa mpigo, ikawa kama soko la samaki. Sentensi ya "Mwanachama atalipa" ilivamiwa na wawili pamoja, ikatoka "Kila mwanachama mwanachama atatoa atalipa". Programu haiamui nani yuko sahihi. Inaweka yote, mtajuana wenyewe.

Kosa langu lilikuwa kuwarahisishia wazee: niliachia kiungo, kila aliye nacho aandike hata bila kuingia kwa akaunti yake. Watu wa namna hiyo Google huwapachika majina ya wanyama. Siku moja nachungulia pale juu kulia, namkuta fisi. Nikapiga picha ya skrini, nikairusha kwenye grupu kwa utani. Haikupita dakika simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. We katibu, nani kamleta fisi kwenye hela za ukoo?"

Nilieleza mpaka tukacheka, ila yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Kesho yake ibara ya 7 haipo. Ndiyo ile ya nani anatia saini fedha zikitoka benki! Grupu likawaka moto. Nikafungua laptopu, nikaingia kwenye historia ya matoleo: saa tatu na dakika kumi asubuhi ibara ipo, saa tatu na robo haipo, na aliyefuta hana jina. Kurudisha toleo zima la asubuhi kungefuta yaliyoandikwa baadaye, kwa hiyo nililifungua lile la zamani, nikanakili ibara peke yake, nikaibandika mahali pake.

Siku ya pili binamu wa Maskati akanipigia. Alikuwa kwenye kompyuta ya kazini, anataka kunakili ibara amtumie mkewe, kidole kikagusa X ya kukata badala ya C ya kunakili. Vitufe vyenyewe vimepakana. Akafunga akaendelea na kazi.

"Kaka, fisi ni mimi."

Tangu hapo wanaohariri ni watatu, tena kwa barua pepe zao: mimi, mwenyekiti na mweka hazina. Wengine wanapendekeza tu. Neno lao linajitokeza kwa rangi likiwa na jina la mwenyewe, na la zamani linabaki limepigwa mstari mpaka mmoja wetu akubali. Asiye na akaunti anasoma. Wenye bando la kuungaunga nimewaonyesha namna ya kuuhifadhi waraka kwenye simu wauandikie bila mtandao. Mtandao ukirudi, mabadiliko yanapanda yenyewe.

Shangazi ana kitochi na hataki kingine. Kila Jumamosi nampigia, namsomea ibara moja, anasema, naandika maoni pembeni kwa jina lake. Ni yeye aliyesema ada ipelekwe shuleni moja kwa moja, isipitie mkononi mwa mzazi. Katika wote tuliokuwa tunabofya, hakuna aliyeliwaza hilo.

Katiba imepita, kurasa sita. Binamu amebaki kuitwa Fisi kwenye grupu, na uchaguzi ulipofika wakampa ukaguzi wa hesabu.